YOTE YAPO KWENYE SIMU, SHEKHE: KARATASI, SIMU NA AMANA YA ELIMU



Ndugu yangu msomaji, wiki iliyopita baada ya Alasiri nilinunua karanga kwa kijana mmoja Mtaa wa Msimbazi. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi aliyonifungia. Moyo ulinishtuka. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha fiqhi, mlango wa twahara, na pembeni pana mwandiko wa wino: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Nikamrudia kijana. Akanielekeza kwa muuza makaratasi ya kilo. Nikamkuta amebakiwa na boksi moja tu, mengine yamekwisha. Yalitoka nyumba ya zamani huku Gerezani: mzee kafariki, nyumba inabomolewa lipande ghorofa. Nikatafuta namba ya mjukuu, nikampigia. Akanipa shikamoo kwa adabu, kisha akasema: "Shekhe, vile vitabu vya babu vyote vipo PDF. Ninavyo kwenye simu."

Usimcheke wala usimlaani, kwani kasema jambo ambalo wengi wetu tunalisema. Leo nataka tulipime kwa historia.

KWANZA: ELIMU IMEBADILI VYOMBO MARA NYINGI

Alipofariki Mtume (s.a.w.), Qurani ilikuwa imehifadhiwa vifuani mwa Masahaba, na imeandikwa kwa vipande: makuti ya mtende, mawe bapa, mifupa, ngozi. Vikaja vita vya Yamama katika ukhalifa wa Abubakar (r.a.), wakauawa mahafidh wengi. Umar (r.a.) akaogopa, akashauri Qurani ikusanywe mahali pamoja. Abubakar alisita mwanzo: vipi tufanye jambo ambalo Mtume hakulifanya? Baadaye Allah akamkunjua kifua, kazi akapewa Zaid bin Thabit (r.a.).

Hapa ndipo pa kuzingatia. Zaid mwenyewe alikuwa hafidh, lakini hakuandika kwa kutegemea kifua chake peke yake. Alitafuta vipande vilivyoandikwa, akavikutanisha na walivyohifadhi watu. Na baada ya kuandikwa, hakuna aliyesema sasa kuhifadhi basi. Waliweka amana katika vyombo viwili, kwa sababu walikwisha kuona chombo kimoja kinavyovunjika: hafidh akiuawa, kifua chake kinakwenda naye kaburini.

PILI: PWANI YETU NAYO IMEPITA HUMO

Kabla ya mitambo ya kuchapa, kitabu kilinakiliwa kwa mkono, herufi kwa herufi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu, na baadhi ya kazi zao zipo mpaka leo. Kisha Sultan Barghash, aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888, akaleta mtambo wa kuchapa, na hapo hapo Unguja kikaanza kuchapwa kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kiibadhi, Qamus al-Sharia. Vitabu vingine vikatujia kwa jahazi na meli kutoka Cairo na Bombay. Safinatun-Najah tuliyosomeshwa sote chuoni ni kazi ya Sheikh Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefariki Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Mwaka 1969 ikatoka Nairobi Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, na Mswahili asiyejua Kiarabu akaweza kusoma tafsiri nzima nyumbani kwake.

Basi simu si kioja. Ni chombo kingine katika msururu mrefu, na kheri zake ni kubwa. Maktabatu Shamila ina maelfu ya vitabu, bure. Kijana wa Kariakoo anayelala stoo anaweza kuwa na tafsiri za wanavyuoni wakubwa mfukoni. Mzee ambaye macho yamemchoka anakuza herufi, anasoma. Anayetafuta hadithi moja anaipata kwa dakika, pale sisi tulipotafuta siku nzima. Anayeyakataa haya anakataa neema.

TATU: NA CHOMBO HIKI NACHO KINAVUNJIKA

Tutazame Lamu. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, una hazina ya miswada ya mkono. Karatasi za zamani zina maadui: chumvi ya bahari, unyevu, mchwa. Kwa hiyo miswada ile ikapigwa picha katika mradi wa British Library ya London wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, picha zikawekwa mtandaoni. Kazi njema sana, mtu wa Dar akaweza kuisoma bila kupanda basi.

Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao wakaivamia British Library, mitambo yake ikalala. Picha za mradi ule hazikufunguka mtandaoni kwa miezi mingi. Maktaba tajiri, yenye wataalamu, katika nchi kubwa! Na karatasi? Zilikuwa Lamu na wenyewe.

Sisemi karatasi imeshinda. Kesho mchwa au moto ukiingia, zitakazookoa ni zile picha. Nasema waliyoyajua Masahaba: usiweke amana katika chombo kimoja.

NNE: KISICHOKUWEMO KWENYE PDF

Nirudi kwenye boksi. Nimelifungua na wanafunzi wangu. Vitabu vyenyewe, kweli, vingi vinapatikana kwenye simu. Hapo mjukuu kasema haki. Lakini pembeni mwa kurasa mzee kaandika maana ya maneno magumu, masuala aliyoulizwa na watu, na majibu aliyoyapokea kwa mwalimu wake. Mwisho wa kitabu kimoja kaandika siku aliyokhitimu, na mbele ya nani. Hiyo ndiyo silsila, njia ambayo elimu ilipita hadi kufika mtaani kwetu. PDF ya mjukuu imepigwa kutoka nakala nyingine, ya mtu mwingine. Babu yake hayumo.

Na liko la pili. Kitabu cha karatasi kinakusubiri, simu inakuita. Mimi sijisafishi: nimewahi kufungua simu nisome hadithi moja kabla ya darsa, ikaingia meseji, nikaifuata, na nilipozinduka adhana inasomwa na hadithi sijaisoma. Waliotusomesha walikaa na kitabu kimoja miezi, mbele ya mwalimu, wakisahihishwa neno kwa neno. Sisi tuna vitabu elfu mfukoni, na huenda hakuna hata kimoja tulichokikhitimu.

NASAHA

1. Akifariki mzee mwenye vitabu, usiviuze kwa kilo. Muite imamu au ustadhi wa mtaa avipitie kwanza. Kurasa zilizochakaa zenye jina la Allah zizikwe au zichomwe kwa heshima. Uthman (r.a.) aliamuru nakala nyingine zichomwe, hakuziacha zikanyagwe.

2. Vyenye mwandiko wa mkono, vipige picha ukurasa kwa ukurasa, umpe na mwenzio nakala. Kisha karatasi yenyewe uitunze pakavu.

3. Chagua kitabu kimoja, mwalimu mmoja, ukimalize. Kwa karatasi au kwa simu, lakini ukisomea simu, zima data.

Yule mjukuu alikuja Ijumaa. Nilimpa kitabu kile chenye tarehe ya kukhitimu. Aliutazama mwandiko wa babu yake kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Shekhe, siwezi kuusoma." Tumepanga aje kila Jumamosi baada ya Magharibi. Anakuja na simu yake kupiga picha, nami namfundisha kusoma.

Kurasa zilizokwisha kufungia karanga hazirudi. Allah amrehemu mzee yule, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana, si wauzaji wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ukiona ina faida, mtumie na mwenzio.