Profesa Paton: Mwalimu wa uhasibu aliyekikosoa kitabu chake

PROFESA William Andrew Paton alizaliwa mwaka wa 1889 mjini Calumet, jimbo la Michigan, Marekani. Alifundisha uhasibu katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa zaidi ya miongo minne hadi alipostaafu mwaka wa 1959, na ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza wa jarida la The Accounting Review lililoanzishwa mwaka wa 1926.

Swali moja halikumpa utulivu: mali ya kampuni iandikwe vitabuni kwa bei ya ununuzi au kwa thamani yake ya sasa? Mwanzoni aliegemea thamani ya sasa. Hata hivyo, mnamo 1940 yeye na mwenzake A. C. Littleton walichapisha kitabu kilichoipa nguvu bei ya ununuzi, na wahasibu wakakishika kama msahafu.

Bei za bidhaa zilipopanda, Paton alilalamika. Uchakavu wa mashine iliyonunuliwa zamani ukikadiriwa kwa bei ile ya kale, alisema, kampuni huonyesha faida hewa, kisha huitozwa kodi. Ni wasomi wachache wanaothubutu kukikosoa kitabu kilichowapa sifa.

Mnamo 1987, akikaribia umri wa miaka 100, wahasibu wa Marekani walimtaja kuwa mwalimu wa uhasibu wa karne. Alifariki mwaka wa 1991.