Usonji: Kina Mama Walilaumiwa Bure

Leo tunazungumza juu ya usonji, ambao wengi huuita otizimu.

Labda uko Makongeni hapa Thika, au Kimbo kule Ruiru, na una mtoto wa miaka miwili. Ukimwita hageuki. Haonyeshi kitu kwa kidole. Maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Shosho anasema ungoje, hata baba yake alichelewa kuongea. Jirani anasema ni wewe uliyemharibu. Je, umpeleke apimwe au ungoje? Tuangalie mambo yalivyokuwa zamani, kwani yatakusaidia kuamua.

Mwaka wa 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Walipenda kuwa peke yao na hawakutaka kitu chochote kibadilishwe. Watoto kama hao walikuwako tangu zamani, ila waliitwa wajinga au wendawazimu.

Kisha lawama zikamwangukia mama. Kwa miaka mingi madaktari wengi walifikiri kwamba mama asiye na upendo ndiye huleta hali hii. Mwaka wa 1964, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alipinga jambo hilo katika kitabu. Mwaka wa 1977, uchunguzi wa mapacha Uingereza ulionyesha kuwa urithi wa damu una sehemu kubwa. Mwaka wa 1998 ilidaiwa kwamba chanjo ya surua inahusika. Jarida lililochapisha madai hayo liliyafuta mwaka wa 2010. Kwa hivyo si malezi yako, si chanjo, wala si laana.

Hapa kwetu, Shule ya Vipofu ya Thika ilianza mwaka wa 1946, na Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, mwaka wa 1962. Lakini mtoto ambaye shida yake haionekani kwa macho alingoja zaidi. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vilianza Kenya mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark. Mwaka wa 1986 taasisi ya KISE ilianzishwa, nayo iko Kasarani, karibu na Thika Road. Mwaka wa 2003 wazazi wenyewe waliunda chama cha usonji cha Kenya.

Mama, milango hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya mtoto wako. Usingoje afike umri wa shule. Anza na kliniki yako, ubebe kijitabu cha Mama na Mtoto. Omba masikio yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia pia hageuki akiitwa. Ulizia pia kituo cha upimaji, ambacho walimu hukiita EARC.

Usonji haupimwi kwa damu. Mtaalamu humwangalia mtoto akicheza, na kukuuliza maswali mengi. Akikuta si usonji, hujapoteza kitu. Akikuta ndio, hakuna dawa ya kuuponya, kwa hivyo usimpe pesa anayeahidi hivyo. Lakini mtoto anaweza kufundishwa kuwasiliana, kula na kuvaa mwenyewe, na akianza mapema hufaidika zaidi.

Shosho anampenda mjukuu wake. Mwambie mnaenda kliniki, na ikiwezekana, nendeni pamoja.