Dunia Ilipoondolewa Katikati
Hapa Tarime na Serengeti jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Kwa macho, jua ndilo linalosafiri. Ptolemaio wa Aleksandria, Misri, katika karne ya 2, alifundisha hivyo: dunia imetulia, vyote vinaizunguka. Huyohuyo aliandika habari za Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki, na za maziwa yanayolisha Nili. Kuhusu maziwa aliukaribia ukweli; kuhusu jua, la. Mwaka 1543 mwanafalaki Copernicus aliliweka jua katikati. Mwaka 1610 mwanafalaki Galileo akaona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii, si dunia; basi si vyote vinavyoizunguka dunia. Itafute miezi hiyo usiku kwa darubini ndogo. Jua usilitazame kamwe.