Kuluna ni Mtoto wa Nani?



Tangu miaka ya 2000, jina la kuluna linatia hofu Kinshasa. Ni makundi ya vijana wenye mapanga, wanaopigania mitaa na kuwanyang'anya wapita njia simu na pesa. Gharama yake hulipwa hasa na maskini: mama muuza mkate anayetoka alfajiri, mwanafunzi anayerudi jioni, fundi aliyekatwa mkono akapoteza kazi. Tusidharau machozi yao. Aliyetenda uovu huo anapaswa kujibu mbele ya mahakama.

Lakini tukumbuke pia njia zilizotumiwa kuwazuia. Tarehe 15 Novemba 2013 polisi walianza operesheni Likofi, yaani ngumi kwa Kilingala. Askari waliofunika nyuso waliwatoa vijana nyumbani usiku. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliotoweka. Baadhi yao hawakuwa kuluna hata kidogo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa nao ulitoa taarifa juu ya mauaji hayo, na mkuu wa ofisi yake ya haki za binadamu akafukuzwa nchini.

Ngumi haikumaliza kuluna. Mwaka 2020 serikali ilianza kuwapeleka Kaniama-Kasese, katika Haut-Lomami, wajifunze kulima na kujenga. Kisha, Desemba 2024, ikaja operesheni Ndobo, yaani ndoana. Mwezi uliofuata, zaidi ya watu 100 waliohukumiwa kufa walihamishiwa gereza la Angenga.

Sisi tulio Wakristo tuliyasikia hayo, na pengine mioyoni mwetu tulifurahi. Hapo ndipo tunapaswa kujihoji. Kaini alimwua ndugu yake, na Mungu akamwadhibu. Lakini alimtia alama ili mtu yeyote asimwue. Adhabu ilikuwapo, na uhai ulilindwa.

Wahenga walisema samaki hukunjwa angali mbichi. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma na wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alilielewa jambo hilo. Kabla ya kuuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa, aliketi na maibobo, watoto wa barabarani, katika Shule ya Amani, akiwasaidia warudi masomoni. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Hakungoja mtoto ashike panga ndipo amtafute.

Kundi la mapanga humpokea kijana ambaye hakuna aliyemtafuta. Basi, katika mkutano wetu ujao, kabla ya sala ya mwisho, tuulizane: katika mtaa wetu, ni mtoto gani ameacha shule mwaka huu? Nani kati yetu atakwenda kwao juma hili?