Mtoto Akililia Wembe: Umri wa Kununua Bunduki Nchini Marekani

Wazee wetu walisema mtoto akililia wembe mpe. Hekima ya methali hiyo imesimama juu ya dhana moja, kwamba atakayekatwa ni yule yule aliyeulilia, na jeraha lake litamfunza. Bunduki haimo katika dhana hiyo. Aishikaye kwa chuki huwakata wengine, na funzo huja baada ya mazishi. Kwa hiyo taifa la Marekani, ambalo tangu 1791 Katiba yake inataja haki ya kuwa na silaha, limebishana kwa zaidi ya nusu karne juu ya swali lililo jepesi sikioni: mtu awe na miaka mingapi ndipo auziwe bunduki?

Tarehe 1 Agosti 1966, mwanafunzi wa miaka 25 aliyepata kuwa askari alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, akawapiga risasi waliokuwa chini kwa zaidi ya saa moja na nusu. Watu zaidi ya kumi walikufa. Miaka miwili baadaye, Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili na Robert Kennedy mwezi Juni. Ndipo tarehe 22 Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya kudhibiti silaha. Sheria hiyo ilimkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, au bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Bastola ilionekana kuwa silaha ya kufichwa nguoni na ya uhalifu wa mjini. Bunduki ndefu ilihesabiwa kuwa chombo cha mwindaji na mkulima.

Wakati huo miaka 21 ndiyo iliyokuwa mlango wa utu uzima. Mwaka 1971 Katiba ilirekebishwa, kijana wa miaka 18 akapewa kura. Hoja iliyovuma wakati wa vita vya Vietnam ilikuwa kwamba anayefaa kufa vitani anafaa pia kupiga kura. Mlango wa utu uzima ukasogezwa, lakini sheria ya bastola ikabaki pale pale. Mvutano tunaousikia hadi leo umezaliwa katika pengo hilo.

Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech, mwanafunzi wa miaka 23 aliwaua watu 32 kwa bastola mbili. Umri wake uliruhusu ununuzi. Kilichopaswa kumzuia ni amri ya mahakama ya mwaka 2005, iliyomwona kuwa hatari kwa nafsi yake, lakini habari hiyo haikufika katika kumbukumbu zinazotazamwa kabla ya mauzo. Januari 2008 ikapatikana sheria ya kuzihimiza na kuzisaidia serikali za majimbo zipeleke kumbukumbu kama hizo.

Wapenzi wa ushairi wana sababu ya kukikumbuka chuo hicho. Mshairi Nikki Giovanni, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa akifundisha hapo, na kabla ya msiba alikuwa amekataa kuendelea kuwa na kijana huyo darasani kwake. Siku ya pili ya msiba alisimama mbele ya umati akasoma shairi fupi la maombolezo. Hakuyafungia machozi ndani ya ua wa chuo. Aliwataja wengine wasiostahili mauti yao: mtoto wa Afrika anayekufa kwa UKIMWI, na watoto wanaotembea usiku wasitekwe na waasi, ambapo msomaji wa Afrika Mashariki hakosi kuwakumbuka watoto wa kaskazini ya Uganda. Umati uliinuka ukashangilia. Shairi liliwakusanya watu, sheria iliwagawanya. Wako waliodai silaha zipunguzwe, na wako wanafunzi walioanzisha chama cha kudai ruhusa ya kubeba bastola vyuoni. Huko Texas, sheria iliyoruhusu jambo hilo katika vyuo vikuu vya umma ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, miaka hamsini kamili baada ya mnara wa Austin.

Swali la umri lilirudi kwa nguvu mwaka 2018. Tarehe 14 Februari kijana wa miaka 19 aliwaua watu 17 katika shule ya sekondari ya Parkland, Florida, kwa bunduki ndefu ya mtindo wa kijeshi aliyoinunua kihalali. Wanafunzi walionusurika waliandamana hadi makao ya serikali ya jimbo. Tarehe 9 Machi gavana alitia saini sheria ya kupandisha umri wa kununua bunduki yoyote hadi miaka 21, na siku hiyo hiyo chama kikuu cha wamiliki wa silaha kikaenda mahakamani. Mei 2022, kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki siku chache baada ya kutimiza umri aliwaua watoto 19 na walimu wawili huko Uvalde, Texas. Bunge la taifa liliongeza ukaguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21, bila ya kupandisha umri wenyewe.

Hoja ya wapinzani si ya kubezwa. Huyu anapiga kura, anahukumiwa kama mtu mzima, anapelekwa vitani. Vipi awe mtoto mlangoni mwa duka la silaha? Lakini askari hapewi bunduki akaachwa peke yake. Hufunzwa, husimamiwa, na silaha hurudishwa ghalani. Mwaka 2025 mahakama mbili za rufaa zilitazama zama za waasisi, zikaona mambo mawili. Moja, mwezi Januari, ilisema vijana wa miaka 18 hadi 20 wamo katika umma uliopewa haki na Katiba, kwa hiyo katazo la kuwauzia bastola halisimami. Nyingine, mwezi Machi, iliithibitisha sheria ya Florida, ikikumbusha kwamba zama hizo aliye chini ya miaka 21 hakuweza hata kufunga mkataba.

Ni kweli kwamba sheria ya umri isingemkamata yule wa Austin wala yule wa Virginia. Ya miaka 21 kwa bunduki ndefu ingewafungia mlango wa duka yule wa Parkland na yule wa Uvalde. Wavuvi wetu hawalitupi jarife kwa sababu dagaa hupita katika matundu yake. Huushona wavu mwingine. Anayetaka sheria moja imzuie kila muuaji anadai kisichopatikana, na anayeikataa kwa sababu haimzuii kila muuaji awaulize wazazi wa Uvalde kama watoto 19 ni wachache.