Asidi Amino za Lazima

Mfugaji wa kuku wa nyama wa Kwa Mathias, Kibaha, akichanganya chakula chake, hupima mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya na dagaa, kisha huongeza gramu chache za laisini na methionini. Viungo hivi viwili vya dukani ni asidi amino, yaani vijenzi ambavyo mwili huviunganisha kupata protini. Protini za mwili hujengwa kwa vijenzi 20. Kwa binadamu, 9 kati yake mwili hauwezi kuvitengeneza, hivyo sharti viliwe. Kuku anahitaji kula na arjinini pia.

Kundi hili huitwa mara nyingi "asidi amino muhimu". Mimi nashauri tuseme "asidi amino za lazima", maana ulazima wenyewe ni wa kuliwa tu. Neno "muhimu" linamfanya msomaji adhani kwamba zile nyingine ni za ziada. Utumbo unaonyesha kuwa si hivyo.

Seli za ukuta wa utumbo mwembamba huzaliwa ndani ya vishimo vidogo, hupanda hadi kwenye ncha za vinyweleo vinavyofyonza chakula, kisha hubanduka na kutoka. Kwa binadamu safari hiyo huchukua takriban siku 3 hadi 5. Kazi hiyo ya kujijenga upya haina likizo, na kila seli mpya inadai protini mpya. Kwa kifaranga mambo ni ya haraka zaidi: katika wiki ya kwanza utumbo wake hukua kwa kasi kuliko mwili kwa jumla.

Asidi amino hufanya kazi mbili hapo. Kwanza ni malighafi. Pili ni ishara: leusini inapoingia ndani ya seli, huamsha protini iitwayo mTOR, nayo huamuru utengenezaji wa protini uongezwe. Treonini nayo hutumika kwa wingi kutengeneza ute unaoukinga ukuta. Zote mbili, leusini na treonini, ni za lazima.

Sasa itazame glutamini. Mwili unaitengeneza wenyewe, kwa hiyo haimo katika orodha ya lazima. Hata hivyo, mwaka 1974 watafiti Windmueller na Spaeth walionyesha kwa panya kwamba utumbo mwembamba huichukua glutamini kutoka kwenye damu na kuiunguza kupata nishati. Nani atasema kwamba kijenzi hicho si muhimu?

Istilahi sahihi humsaidia mfugaji pia. Kijenzi kimoja cha lazima kikipungua, ujenzi wa protini hukwama hata kama vingine vimejaa. Vilivyobaki huvunjwa, na naitrojeni yake hutoka kwenye kinyesi kama asidi ya yuriki. Bakteria wa kwenye maranda huigeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma macho bandani. Katika chakula cha mahindi na soya, methionini ndiyo hupungua kwanza kwa kuku.

Kwa hiyo asilimia ya protini ghafi iliyoandikwa kwenye mfuko haitoshi. Muuzaji aulizwe pia kiasi cha laisini na methionini, na walimu wetu wafundishe "za lazima" ili swali hilo lieleweke tangu darasani.