Jina Feruzi katika Njia ya Misafara: Maana, Asili na Kuenea kwa Jina la Kiajemi kutoka Pwani hadi Gairo

Mji wa Gairo uko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, katika nchi ya Wakaguru. Wilaya yake ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kilosa, lakini safari za watu katika nchi hiyo ni za zamani kuliko mipaka yote ya kiutawala iliyowahi kuchorwa hapo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe ilipanda Ukaguru, ikapita Mamboya na Mpwapwa kabla ya kuikabili nyika ya Ugogo. Vitambaa, shanga na baruti vilivyobebwa na misafara hiyo vilihesabiwa na kuandikwa katika daftari za wafanyabiashara. Majina ya waliovibeba yalipita njia hiyo hiyo, na historia yake imeandikwa kwa uchache mno.

Insha hii inalichunguza jina moja kati ya hayo, yaani Feruzi. Ni jina la Kiajemi kwa asili, na leo linapatikana Unguja, Tanzania Bara, Kenya na mashariki ya Kongo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina hili halithibitishi damu ya Kiajemi. Lilikotoka ni Uajemi, lakini lililolieneza ni utumwa wa pwani pamoja na mwendo wa misafara. Hata hivyo, ukweli huo unahusu jina kwa ujumla wake. Haumruhusu mtafiti kumtazama mtu aitwaye Feruzi na kumtangazia asili yake.

Maana na safari ya neno

Katika Kiajemi cha kati, lugha ya dola ya Wasasani, neno hilo lilitamkwa pērōz na maana yake ilikuwa "mshindi" au "mwenye kufanikiwa". Lilikuwa jina la wafalme: Peroz wa Kwanza alitawala Uajemi kuanzia mwaka 459 hadi alipouawa vitani mwaka 484, mwisho usiolingana sana na maana ya jina lake. Kiarabu hakina sauti /p/. Hivyo neno lilipoingia katika lugha hiyo likawa Firuz au Fairuz. Kiswahili kikaliongezea irabu ya mwisho kwa kawaida yake, likawa Feruzi.

Neno hilo hilo ni jina la jito. Waajemi waliliita jiwe la rangi ya buluu inayoelekea kijani piruza, na kwa karne nyingi jiwe bora la aina hiyo lilichimbwa karibu na Nishapur. Kiswahili nacho kinaliita jito hilo feruzi. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili anaposikia jina hili husikia jito kabla ya kusikia ushindi, na huenda ushindi asiusikie kabisa. Tofauti hii ni muhimu katika hoja inayofuata, kwa kuwa majina ya vito yalikuwa na nafasi yake maalumu katika jamii za Kiislamu zilizomiliki watumwa.

Uhusiano wa jina hili na utumwa ulianza mapema sana. Mtu aliyemuua Khalifa Umar mjini Madina mwaka 644, anayejulikana katika vitabu kama Abu Luluah, alikuwa mtumwa kutoka Uajemi aliyeitwa Firuz. Wakati huo huo historia ya Uislamu inamkumbuka Fairuz al-Dailami, Mwajemi wa Yemen, miongoni mwa waliomuua Aswad al-Ansi aliyedai utume. Huko Delhi, Firuz Shah Tughlaq alitawala kuanzia 1351 hadi 1388. Mtumwa, shujaa wa dini na sultani walichangia jina moja. Hivyo jina lenyewe halina daraja. Daraja hupatikana katika mazingira ya kulitoa.

Majina waliyopewa watu waliouzwa

Katika miji ya pwani na Unguja mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, naye aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake aliitwa mzalia. Hatua mojawapo ya kumwingiza mjinga katika nyumba ilikuwa kumpa jina jipya. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki naye kwa siri au likasahaulika. Majina mapya yalifuata mkondo unaotambulika kwa urahisi. Yapo yaliyotaja heri, kama Mabruki, Baraka na Faraji. Yapo yaliyotaja vito na manukato: Almasi, Marijani, Johari, Ambari, Feruzi. Mengine yalikuwa maneno ya kawaida tu. Desturi ya kuwaita watumwa kwa majina ya vito na manukato haikuzaliwa Afrika Mashariki. Ilijulikana katika nyumba za watawala kuanzia Misri hadi Bara Hindi, ambako Yaqut na Kafur yalikuwa majina ya kawaida ya watumwa na matowashi. Kitu cha thamani hupewa jina la kitu cha thamani, na anayefaidi thamani hiyo ni mwenye mali.

Ushahidi ulio wazi wa mkondo huu unapatikana katika orodha za misafara. Stanley alipojiandaa kuondoka Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliwaajiri watu sita waliokuwa wamesafiri na Speke: Bombay, Mabruki, Uledi, Ulimengo, Baruti na Ambari. Ukiyasoma majina hayo kwa pamoja unapata mtu aliyebarikiwa, mtoto, dunia, unga wa bunduki na manukato ya baharini. Bombay mwenyewe, Sidi Mubarak, alizaliwa miongoni mwa Wayao, akauzwa utotoni na kupelekwa Bara Hindi. Jina lake la kwanza ni la Kiarabu na la pili ni la mji alikokaa utumwani. Hakuna hata jina moja kati ya hayo sita linaloonyesha alikozaliwa mwenye nalo. Feruzi ni la ukoo huo wa majina, na lina sifa ya kuunganisha makundi mawili, kwa kuwa ni jina la heri na ni jina la jito pia.

Washirazi bila majina ya Kiajemi

Mtu anaweza kupinga kwamba pwani ya Waswahili ina historia ndefu ya kujinasibisha na Shiraz, na kwamba jina la Kiajemi lina njia fupi zaidi ya kufika. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa uzito, hasa baada ya uchunguzi wa DNA ya kale uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Uchunguzi huo, uliotumia mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika kwa upande wa mama na kwamba asili ya Kiasia kwa upande wa baba ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Wanahistoria waliokuwa wakiichukulia hadithi ya Shiraz kama ubunifu mtupu wamelazimika kuifikiria upya.

Lakini damu na jina havikusafiri pamoja. Masultani wa Kilwa, ambao tarehe yao inawapa asili ya Shiraz, wanaitwa Ali, Hasan, Sulaiman na Daud. Sarafu za Kilwa zina majina ya Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman. Huyu wa pili ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Yote hayo ni majina ya Kiarabu au ya manabii. Watu waliodai Uajemi kwa nasaba hawakuona haja ya kuudai kwa majina, kwa sababu heshima ya mji wa Kiislamu ilipimwa kwa majina ya Mtume na ya masahaba. Hapo ndipo penye kinaya cha historia hii: waliojiita Washirazi walibeba majina ya Kiarabu, na waliobeba jina la Kiajemi walikuwa mara nyingi watu waliotoka Unyasa, Uyao au Manyema.

Majina ya Kiajemi ya watu wa daraja la juu yalikuja Unguja baadaye na kwa milango mingine. Sayyid Said alioa binti wa nyumba ya kifalme ya Uajemi, na bafu za Kidichi zilizojengwa yapata 1850 zinahusishwa na bibi huyo. Waparsi kutoka Bara Hindi walileta majina ya mababu zao wa Kizoroasta. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kujulikana duniani kama Freddie Mercury, alibeba mojawapo. Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyetawazwa Julai 1963 na kupinduliwa tarehe 12 Januari 1964, aliitwa Jamshid, jina la mfalme wa hekaya za Uajemi. Jamshidi na Feruzi ni majina ya lugha moja. Katika Unguja ya wakati huo yalitenganishwa na umbali wote uliopo kati ya ikulu na shamba la karafuu.

Jina linapopanda bara

Mtumwa au mwachwa huru aliyeajiriwa kama mpagazi alilibeba jina lake hadi bara, na huko maana yake ya kijamii ilibadilika. Pwani, jina Feruzi lilimfunua. Bara, lilimpandisha daraja: mwenye jina la pwani, kanzu na maneno ya Kiswahili alihesabiwa kuwa mngwana. Waungwana wa misafara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, walijenga heshima yao katika umbali huu kati ya mahali jina linapojulikana na mahali lisipojulikana. Ndivyo jina lilivyoweza kufika Manyema, kwa misafara ya Tippu Tip na wenzake, na kubaki huko kama jina la Kiislamu lisilo na aibu yoyote.

Ukaguru ulikuwa na namna yake ya kumpokea mgeni wa aina hii. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, jambo lililoelezwa kwa kina na T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1957. Matokeo ya kanuni hiyo kwa mada hii ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwanamume aliyeachwa njiani na msafara kwa ugonjwa, au aliyetoroka, hakuwa na ukoo wa kuwapa watoto wake; lakini kama mama yao ni Mkaguru, walikuwa na ukoo kamili kutoka kwake. Katika jamii inayohesabu kwa baba, kutokuwa na asili inayojulikana kungewaandama hadi wajukuu. Kwa kanuni ya Ukaguru jina la baba lingebaki kuwa jina tu, huku haki ya ardhi na matambiko ikipitia kwingine. Kinyume chake kilikuwa kigumu zaidi: mwanamke aliyenunuliwa hakuwa na ukoo wa kuwarithisha wanawe, na majina ya wanawake hao ndiyo yaliyopotea kwa wingi.

Jina la aliyepata uhuru lilitegemea pia mkono uliompa. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua kituo cha Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, waliwabatiza watu waliowakomboa kwa majina ya watakatifu. Waanglikana wa CMS walikuwa Mamboya mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Katika milima hiyo jina la jito lilikutana na majina ya Injili, na tangu hapo mtu angeweza kukisia ni njia ipi iliyomfikisha mwenzake kwa kusikia anavyoitwa.

Baada ya utumwa

Utumwa ulikufa polepole. Unguja hadhi yake ya kisheria ilifutwa mwaka 1897. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, na sheria ya Waingereza ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Laura Fair ameonyesha jinsi waliokuwa watumwa Unguja walivyojitengenezea hadhi mpya kwa mavazi na kwa utambulisho wa kikabila. Wanawake walivaa buibui. Katika hali hiyo majina ya heri na vito yalianza kuachiwa babu, na watoto wakaitwa Muhammad, Ali na Fatuma.

Utaratibu wa majina matatu uliimarishwa na shule, kodi na vitambulisho, nao ukazuia jina kutoweka. Feruzi aliyekuwa mtu mmoja, bila jina la baba lililotambuliwa na bwana wake, aligeuka kuwa jina la pili la mwanawe na la tatu la mjukuu wake. Hatimaye likawa jina la familia. Aliyenyimwa nasaba akawa mwanzo wa nasaba, na jina ambalo bwana alilichagua kama alama ya mali likawa jambo la kwanza ambalo kizazi chake hukiandika katika fomu. Siku hizi linatumika bila kumbukumbu hiyo. Msanii wa Bongo Fleva aliyetoka katika kundi la Daz Nundaz na kuimba "Starehe" pamoja na Professor Jay aliliandika Ferooz, kwa tahajia inayolirudisha karibu na Kiajemi, na mashabiki wake walisikia jina la kisasa. Waarabu nao wanaliona zaidi kuwa la kike kwa sababu ya mwimbaji Fairuz wa Lebanon. Afrika Mashariki limebaki la kiume.

Kwa hiyo mtafiti anayelikuta jina Feruzi katika rejesta ya shule au katika jiwe la kaburi wilayani Gairo hana haki ya kuandika "Mwajemi", wala ya kuandika "mjukuu wa mtumwa". Mzazi Mwislamu angeweza kulichagua kwa ajili ya Fairuz al-Dailami, kwa ajili ya rafiki, au kwa uzuri wake. Linaloweza kuulizwa kwa faida zaidi ni ukoo wa mama wa mwenye jina na kijiji alikozikwa wa kwanza kuitwa hivyo, kwa kuwa katika Ukaguru majibu ya maswali hayo hushikwa na watu ambao majina yao wenyewe hayamo katika rejesta.